Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Imejisasisha, Kazi ya Michoro Imekwama

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wa mabango, stika, leso na kadi za harusi, kuanzia Mwembe Tayari mjini Mombasa hadi Mtwapa, na malalamiko yanafanana: jioni kila kitu kilikuwa sawa, usiku kompyuta ikajisasisha, asubuhi programu ya kuchorea imegoma au mashine yake haionekani. Wengi wameshaambiwa na fundi kwamba dawa ni kufuta diski na kuweka Windows upya. Mara nyingi hiyo siyo dawa. Sasisho la mfumo kwa kawaida haligusi CorelDRAW wala Photoshop zenyewe. Linagusa vitu ambavyo programu hizo huvitegemea: draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa), fonti, wasifu wa rangi (faili inayoeleza jinsi kifaa kinavyoonyesha rangi), ruhusa, na njia ya kuifikia printa. Tafuta kwanza kilichoguswa, ndipo uamue kama kuna haja ya kufuta chochote.

Mashine ya kukata stika haionekani

*Nakata stika za matatu na tuktuk. Mashine yangu imeunganishwa kwa kebo ya USB yenye kichwa cha serial upande wa pili. Tangu sasisho la juzi, programu inasema hakuna mashine. Nimenunua kebo mpya, hali ni ile ile. Nisaidieni, kazi za watu zimelala.* – Mkata stika, Mwembe Tayari

Usinunue kebo nyingine kabla hujafungua Device Manager. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Device Manager, kisha fungua sehemu iliyoandikwa Ports. Chomoa kebo, ichomeke tena, na utazame kinachobadilika hapo.

Ukiona alama ya njano ya tahadhari pamoja na maneno PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012, PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER, basi kebo yako haijafa. Ndani ya kichwa chake mna chipu ya Prolific ya toleo la zamani, au nakala bandia ya chipu hiyo, na draiva mpya iliyoletwa na Windows Update imeandikwa makusudi izikatae chipu za namna hiyo. Kebo nyingi za bei nafuu zimebeba chipu hiyo hiyo, ndiyo sababu kubadilisha kebo hakukukusaidia.

Rudisha draiva ya zamani. Bonyeza jina la kebo kwa kitufe cha kulia, chagua Update driver, kisha Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list of available drivers on my computer. Utaona orodha yenye tarehe na namba za matoleo. Chagua la zamani kuliko yote, bonyeza Next, kisha chomoa na uchomeke kebo. Kama orodha ina toleo moja tu, itabidi uweke draiva ya zamani kwa faili yake kwanza, halafu urudie hatua hizi, toleo 3.3.2.105 ndilo linalotumiwa sana kwa chipu hizi.

Huenda pia ukakuta mlango ni mzima, hauna alama yoyote, ila namba yake imebadilika. Programu ya kukata bado inaita COM3 na kebo sasa ni COM7. Bonyeza mlango mara mbili, nenda Port Settings, kisha Advanced, urudishe namba ya zamani. Ukiwa hapo, angalia na mipangilio ya mwendo. Mashine nyingi za kukata hutumia 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamia, na Flow control iwe Hardware, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Sasisho la draiva hupenda kuirudisha Flow control kuwa None, na dalili yake ni ya kipekee: stika ndogo hukatwa vizuri, lakini mchoro mrefu huanza sawa kisha kisu kinakimbia ovyo katikati ya vinili. Kumbukumbu ya mashine imejaa na kompyuta haikuambiwa isubiri. Watu wengi hubadilisha kisu kwa tatizo hili, na kisu hakina kosa.

Kama hakuna kinachobadilika kabisa kwenye Device Manager ukichomeka kebo, hapo ndipo ulaumu kebo au tundu la USB.

Sasa uzuie draiva mpya isirudi. Kwenye Windows Pro, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika gpedit.msc, fuata Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, na uwashe kipengele cha Do not include drivers with Windows Updates. Kwenye Windows 11 kimo ndani ya folda ya Manage updates offered from Windows Update. Kwenye Windows Home, andika sysdm.cpl, nenda Hardware, bonyeza Device Installation Settings, chagua No. Njia hii ya pili haina nguvu kama ya kwanza, basi iandike draiva nzuri kwenye flashi na uibandike flashi hiyo kwenye mashine. Kwa muda mrefu ni afadhali kununua kebo yenye chipu halisi ya FTDI kwa muuzaji unayemwamini. Tunasema halisi kwa sababu nazo zimeigwa sana, na mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI ilizizima nakala bandia.

Nyeupe imekuwa manjano

*Nachora leso na mabango ya Maulidi. Tangu kompyuta ijisasishe, usuli mweupe kwenye Photoshop una umanjano. Faili ile ile nikiituma kwa simu ni nyeupe pe. Je, skrini imekufa?* – Msanifu, mtaa wa Biashara

Skrini haijafa. Angalia kwanza kama umanjano uko kila mahali, hata kwenye folda na kivinjari. Ukiwa kila mahali, Night light imewashwa: nenda Settings, System, Display, uizime. Ukiwa ndani ya Photoshop peke yake, tatizo ni wasifu wa rangi wa skrini. Pamoja na masasisho, Windows huweza kuleta wasifu uliotolewa na mtengenezaji wa skrini, na baadhi yake una kasoro. Photoshop huutii wasifu huo neno kwa neno, ilhali programu nyingi ndogo za kutazama picha haziujali, ndiyo maana kwingine unaona nyeupe.

Bonyeza Windows na R, andika colorcpl, bonyeza Enter. Kwenye Devices chagua skrini yako, weka tiki kwenye Use my settings for this device, bonyeza Add, chagua sRGB IEC61966-2.1, kisha Set as Default Profile. Funga Photoshop kabisa na uifungue tena. Aliye na kifaa cha kupimia rangi aipime skrini upya badala ya kubaki na sRGB.

Jambo moja tunakuomba: usiirekebishe rangi ya mchoro ili ufanane na skrini mbovu. Tayari kuna faili zilizopelekwa kiwandani zikiwa na ubluu ambao mchoraji hakuukusudia, kwa sababu alikuwa anaupunguza umanjano usiokuwepo. Rangi za leso zitazame kwa namba zake kwenye paneli ya Info, wala usiyategemee macho mpaka skrini itengenezwe.

Skrini inapepesa, Illustrator inajifunga

*Laptopu yangu ina kadi mbili za michoro. Baada ya sasisho, Illustrator inapepesa nikikuza mchoro, na Photoshop hujifunga nikigusa Liquify. Fundi anataka kufomati.* – Mwanafunzi wa usanifu, Tudor

Mwambie fundi asubiri. Jaribio la kwanza halichukui hata dakika moja: ndani ya Illustrator bonyeza Ctrl na E. Hapo unaihamisha kazi ya kuonyesha mchoro kutoka kadi ya michoro kwenda kwa prosesa. Kupepesa kukikoma, mhalifu amejulikana. Kwa Photoshop nenda Edit, Preferences, Performance, uondoe tiki ya Use Graphics Processor, uifunge na kuifungua. Usiiache hivyo moja kwa moja, maana vifaa kadhaa havitafanya kazi bila kadi. Ni kipimo tu.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba wewe ulikuwa na draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, na Windows Update ikaiwekea juu nyingine, pengine ya zamani kuliko yako. Fungua Device Manager, Display adapters, bonyeza kadi mara mbili, nenda Driver, bonyeza Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia hakuna cha kurudishia, na hapo fanya usafi kamili: pakua kwanza draiva sahihi, zima intaneti, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu), ondoa draiva iliyopo kwa programu ya Display Driver Uninstaller, anzisha kompyuta upya, weka ile uliyoipakua, ndipo uwashe intaneti. Ukiiacha intaneti imewashwa, Windows itakutangulia na kuweka ile ile uliyoikimbia. Mwenye kadi ya NVIDIA achague Studio Driver, wala si Game Ready; zote zinatoka kwa kampuni moja, lakini ya Studio hujaribiwa na programu za usanifu kabla ya kutolewa.

Kwa kuwa una kadi mbili, hakikisha pia programu inatumia ile yenye nguvu. Settings, System, Display, Graphics, ongeza Photoshop na Illustrator, chagua High performance. Sasisho kubwa linaweza kuufuta uchaguzi huu kimya kimya.

Hayo yote yakishindikana, futa mapendeleo ya programu: shikilia Ctrl, Alt na Shift mara tu unapoibonyeza Photoshop au Illustrator ifunguke, ukubali kufuta. Kwa CorelDRAW shikilia F8. Hifadhi kwanza nafasi yako ya kazi, brashi na njia za mkato ulizojitengenezea. Na wanaoandika Kiarabu wasome jibu linalofuata kabla ya kubonyeza.

Fonti zimepotea, na herufi za Kiarabu zimeachana

*Mimi hutengeneza kadi za harusi zenye Bismillahi na majina kwa Kiarabu. Baada ya kompyuta kusasishwa na programu kusasishwa, mambo mawili: fonti zangu kadhaa hazionekani, na herufi za Kiarabu zinakaa mojamoja tena kwa kinyume.* – Mama wa kadi, Majengo

Mama, hayo ni matatizo mawili yenye asili tofauti, na kuna la tatu linalojificha katikati.

Kuhusu fonti kupotea, angalia aina yake. Fonti zinazokuja kwa faili za pfb na pfm ni za Type 1. Adobe iliacha kuzitambua kwenye Photoshop mwaka 2021 na kwenye programu zake nyingine Januari 2023. Hapo Windows haina lawama. Ni programu iliyosasishwa. Fonti hizo hazirudi kwa kuziweka upya. Tafuta toleo la OpenType la fonti ile ile, na kwa faili za zamani zenye kazi muhimu, zifungue kwenye kompyuta yenye programu ya zamani uzigeuze maandishi kuwa mistari.

Fonti zako zikiwa za TTF au OTF, shida ni mahali zilipowekwa. Tangu Windows 10 toleo 1809 la mwaka 2018, ukibonyeza Install fonti huwekwa kwa mtumiaji mmoja tu, ndani ya folda yake, wala si kwenye folda ya Windows ya wote. Programu kadhaa za zamani, na programu nyingi zinazoongoza mashine za mabango, hazitazami folda hiyo. Chagua fonti zote, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Install for all users. Kwenye Windows 11 huenda ukabonyeza Show more options kwanza ndipo uone maneno hayo.

Herufi za Kiarabu kuachana ni matokeo ya mapendeleo ya programu kufutwa iliposasishwa. Photoshop za miaka ya nyuma zina injini mbili za maandishi, na ile ya kawaida haijui kuunganisha herufi wala kwenda kutoka kulia. Nenda Preferences, Type, chagua World-Ready Layout. Kwenye matoleo ya zamani zaidi imeandikwa Middle Eastern and South Asian. Kisha funga faili na uunde ukurasa mpya, kwani mabadiliko hayaugusi ukurasa uliokuwa wazi. Maandishi ya zamani yachague, fungua menyu ndogo ya paneli ya Paragraph, chagua World-Ready. Na kabla ya kupeleka kadi kwa mchapaji, geuza Kiarabu chote kuwa mistari. Jina la Mwenyezi Mungu likikatika herufi kwenye kadi mia tatu, hakuna punguzo la bei litakalomtuliza mwenye harusi.

Printa ya pamoja na kosa 0x0000011b

*Ofisini tuna kompyuta nne na printa moja ya picha iliyochomekwa kwenye kompyuta ya mapokezi. Kompyuta mbili zimesasishwa na sasa haziwezi kuchapa, zinatoa kosa 0x0000011b.* – Studio, Ganjoni

Kosa hilo lilianza kuonekana sana baada ya masasisho ya Septemba 2021. Microsoft iliziba pengo la usalama katika namna kompyuta zinavyozungumza kuhusu printa kupitia mtandao. Tangu hapo kompyuta inayotoa printa inadai mazungumzo yafichwe. Ofisi ambayo nusu ya kompyuta zimesasishwa na nusu zimezuiwa ndiyo inayoumia zaidi, maana upande mmoja unadai kile ambacho mwingine haujui kukitoa. Basi jambo la kwanza ni kuzisasisha zote nne zifikie sasisho la mwezi ule ule mmoja, ya mapokezi ikiwemo.

Printa yenye waya wa mtandao au Wi-Fi isipitie kompyuta ya mtu. Ipe anwani ya IP isiyobadilika kwenye ruta, kisha kwenye kila kompyuta nenda Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, Add device, Add manually, chagua kuongeza kwa anwani ya IP. Hapo kosa hili halina pa kuingilia.

Ikiwa printa ni ya USB tu, weka draiva yake kwenye kompyuta inayokataa, kisha katika Add manually chagua Add a local printer, Create a new port, Local Port, uandike njia yake kamili, kwa mfano \\MAPOKEZI\Picha. Njia hii huufanya mlango uonekane wa ndani na mara nyingi hupita.

Mtaani utaambiwa uingie kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows) uandike RpcAuthnLevelPrivacyEnabled na thamani 0. Kweli hufanya kazi. Lakini unalifungua tena pengo lililozibwa, katika ofisi ambayo wateja huchomeka flashi kutwa nzima. Hatukushauri.

CorelDRAW imetoweka kabisa

*Ikoni ipo, nikibonyeza naambiwa faili haipo. Sikuiondoa.* – Kisauni

Fungua Windows Security, Virus & threat protection, Protection history. Ukikuta faili ya CorelDRAW imewekwa karantini, uwezekano mkubwa nakala yako ni ile iliyovunjwa leseni, na kinga ya Windows iliyosasishwa imeitambua faili iliyochezewa. Usiizime kinga ili kuirudisha. Faili hizo hubeba virusi mara nyingi mno. Kama fedha ya leseni haijapatikana, Inkscape ni ya bure na hufungua faili nyingi za CDR, yaani za CorelDRAW, ingawa si zote na si bila kasoro, na Affinity imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 kwa mwenye akaunti ya Canva.

Nisasishe lini, na nijiandae vipi?

*Stima hupotea ghafla, bando ni ghali, na masasisho huja wakati wa kazi nyingi. Nizime kabisa?* – Mchapaji wa mabango, Kongowea

Usizime kabisa. Chagua wakati. Masasisho ya usalama ya Windows hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu ni mwendo wa saa mbili au saa tatu usiku. Yenye kasoro hujulikana ndani ya siku chache kwa kelele za watu duniani kote. Basi subiri wiki moja hadi mbili, halafu sasisha Jumamosi jioni kazi zikiwa zimetoka. Kwenye Settings, Windows Update, kuna Pause updates hadi wiki 5. Pale penye Get the latest updates as soon as they're available pazime, kwani hapo ndipo kompyuta inapojitolea kuwa ya kwanza kujaribiwa. Weka mtandao wa simu kuwa Metered connection ili bando lisiliwe na upakuaji. Sasisho la toleo zima huweza kuzidi GB 4.

Kabla ya kubonyeza, mambo haya yawe tayari. Nafasi isiyopungua GB 30 kwenye diski ya C. Sura kamili ya diski, yaani nakala ya kila kitu kilichomo, kwenye diski ya nje. Nakala ya michoro peke yake haitoshi, kwa sababu kinachochukua muda kurudisha ni programu, leseni na draiva za mashine. Restore point, yaani alama ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa. Na ufunguo wa BitLocker (kinga inayoifunga diski) wenye tarakimu 48, uandikwe kwenye karatasi: Julai 2024 kulikuwa na sasisho lililozifanya baadhi ya kompyuta kuudai ufunguo huo zilipowaka, na asiyekuwa nao hakuweza kuifikia kazi yake. Huupata kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta.

Stima nayo ni ya kuiogopa kweli. Kompyuta ya mezani isisasishwe bila UPS (betri ya akiba), na laptopu iwe na betri zaidi ya nusu pamoja na chaji. Stima ikikatika wakati Windows inapakua, hakuna kitakachoharibika. Ikikatika wakati skrini inaonyesha asilimia baada ya kuwaka upya, mfumo unaweza usisimame tena.

Baada ya sasisho, jaribu kazi halisi siku hiyo hiyo: fungua faili nzito, chapa ukurasa mmoja, kata stika moja. Sasisho la mwezi likiwa baya, liondoe kupitia Update history, Uninstall updates. Toleo zima likiwa baya, una siku 10 za kurudi kupitia Settings, System, Recovery, Go back. Siku hizo zinaweza kuongezwa hadi 60 kabla hazijaisha: fungua Terminal kama msimamizi na uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Gharama yake ni folda ya Windows.old kubaki ikila nafasi nyingi, na Photoshop ikikwambia diski zake za muda zimejaa, hiyo ndiyo sababu ya kwanza kuitazama. Hamishia kazi hiyo diski nyingine kwenye Preferences, Scratch Disks. Windows.old usiifute mpaka uwe na hakika hutarudi.

Windows 10 imeisha muda. Nihamie 11?

*Kompyuta yangu ni Core i5 ya kizazi cha sita, inaongoza mashine kubwa ya mabango. Programu ya mashine inatumia kifunguo cha leseni kinachochomekwa USB.* – Changamwe

Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane na kuendelea, kwa hiyo kompyuta yako haimo. Wapo mafundi wanaoiingiza kwa kuruka masharti. Microsoft imesema kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho, na hatungependa mashine inayolisha watu ikae hapo.

Hata ungekuwa na kompyuta mpya, kifunguo ndicho cha kuulizia kwanza. Windows 11 ni ya biti 64 tu, na draiva ya biti 32 haipakiki kamwe. Tena ina kinga ya Memory integrity, ambayo hukataa draiva nyingi za zamani za vifunguo na mashine za kukata. Programu hufunguka kisha ikasema leseni haikuonekana. Muulize aliyekuuzia mashine, kwa maandishi: toleo gani la programu, draiva gani ya kifunguo, na kama vimejaribiwa kwenye Windows 11 huku kinga hiyo imewashwa.

Ushauri wetu kwako ni kuzigawa kazi. Kompyuta ya mashine ibaki na Windows 10, iondolewe kwenye intaneti, ipokee faili za TIFF na PDF tu kupitia diski moja inayokaguliwa. Kuchora, barua pepe na WhatsApp za wateja zihamie kompyuta nyingine. Ikiwa lazima ibaki mtandaoni, isajili kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Sharti iwe toleo 22H2, na usajili ni bure ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, ama dola 30.

Kalamu ya Mac inasogea lakini haichori

*Nimesasisha macOS, kalamu ya tableti inasogeza mshale tu. Na naweza kurudi toleo la nyuma?* – Nyali

Ruhusa zimekwama. Fungua System Settings, Privacy & Security, kisha Accessibility. Draiva ya tableti itaonekana imeruhusiwa, lakini usiiamini: ichague, iondoe kwa alama ya kutoa, weka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji, uikubalie tena, ufanye vivyo hivyo kwenye Input Monitoring, kisha anzisha Mac upya.

Kurudi nyuma kwenye Mac hakuna kitufe. Ni kufuta diski nzima, kuweka macOS ya zamani, na kurudisha faili kutoka Time Machine iliyochukuliwa kabla ya sasisho; na Mac yenye chipu ya Apple haishuki chini ya toleo iliyotoka nalo kiwandani. Anayetegemea InDesign ya CS6 asivuke Mojave, kwa sababu tangu Catalina ya mwaka 2019 programu za biti 32 hazifunguki kabisa.